Bibi Indira na Watu wa Rae Bareli

Wewe mwanangu umezaliwa vyama vimeshakuwa vingi, kwa hiyo pengine hutashtuka nikikwambia nilikuwepo waziri mkuu aliponyimwa kura na watu wa jimbo lake mwenyewe. Sisi tulishtuka. Mwaka 1977 nilikuwa nasoma Lucknow, kaskazini mwa India, na huku nyumbani CCM ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili. Uchaguzi tulioujua ni ule wa jembe na nyumba: wagombea wawili wa chama kimoja, huyu kapewa alama ya jembe, yule nyumba, na kwa urais unaitikia ndiyo au hapana mbele ya picha ya Mwalimu. Wa hapana walikuwepo, ila hukuwajua.

Rafiki yangu wa bwenini alikuwa mwenyeji wa wilaya ya Rae Bareli, kama kilomita 80 kutoka Lucknow, naye akanichukua kwao siku za kampeni. Nauli ya daraja la pili ilikuwa rupia chache tu, na rupia wakati ule ilikaribiana mno na shilingi yetu, hata sikupata taabu ya kupiga hesabu. Behewa lilinuka mafuta ya haradali, moshi wa sigara za bidi na makwapa ya watu waliotoka kazini. Stesheni ukinunua chai ya maziwa kwa paisa 30 unapewa katika kikombe cha udongo, ukimaliza unakibamiza relini. Miembe ilikuwa imechanua, ngano inaanza kugeuka manjano, na kuta za nyumba zilikuwa bado na madoa ya rangi za Holi. Juu ya madoa hayo vijana walikuwa wamechora alama za wagombea: ng'ombe na ndama wake, ya Congress, chama cha waziri mkuu mwenyewe, Bibi Indira Gandhi, na mkulima mwenye plau ndani ya gurudumu, ya wapinzani wa Janata. Nikacheka peke yangu, maana jembe nililoliacha Tanzania lilikuwa limenifuata, tena limekokotwa na ng'ombe.

Kiti cha ubunge cha Rae Bareli kilikuwa kama shamba la ukoo wa Bibi. Mumewe, Feroze Gandhi, aliliwakilisha eneo hilo tangu uchaguzi wa kwanza wa 1952 hadi alipofariki 1960. Bibi mwenyewe alikitwaa 1967, na 1971 akambwaga Raj Narain kwa kura zaidi ya laki moja. Raj Narain huyo, pande la mtu mwenye ndevu na kitambaa kichwani, aliyewahi kucheza mieleka, akaenda mahakamani. Tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohan Lal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad akaufuta ushindi ule: ofisa wa serikali alifanya kazi ya kampeni, na serikali ya Uttar Pradesh, penye Lucknow na Rae Bareli, ilimjengea Bibi majukwaa ya kuhutubia na kumvutia umeme. Kwetu nani angeyahesabu hayo kuwa makosa? Siku 13 baadaye hali ya hatari ikatangazwa, Raj Narain na wenzake wakasombwa jela, magazeti yakafungwa mdomo.

Wasomi wa Lucknow walilalamikia katiba na magazeti. Kijijini sikusikia mtu akilitaja gazeti. Walichokitaja, tena kwa sauti ya chini, ni nasbandi, yaani wanaume kufungwa uzazi. Maofisa walikuwa wamepangiwa idadi ya kutimiza, na walimu walinyimwa mishahara mpaka walete watu. Baba wa rafiki yangu, niliyemwita Babuji kama wanawe walivyomwita, alinionyesha shamba la mbaazi zilizonipita kimo. Humo ndimo wanaume walimokuwa wakilala kila waliposikia jeep ya maofisa ikinguruma usiku. Alisimulia bila hasira, akivuta kiko chake cha maji. Siku ya kura mimi mgeni nilikaa mbali, chini ya mti, nikitazama mistari: wanawake kwao, shela zimevutwa hadi puani, wanaume kwao. Walitoka na wino mweusi kidoleni na nyuso zisizosema lolote. Wakala wa ng'ombe na wakala wa plau wote walitabasamu, kila mmoja akiamini ameshinda.

Usiku wa tarehe 20 Machi tulikuwa tumerudi Lucknow, tumeizunguka redio. Bibi alishindwa na Raj Narain yuleyule kwa kura 55,202. Uttar Pradesh nzima, viti 85, chama chake hakikupata hata kimoja. Mitaani fataki zililipuka, na muuza ladu mmoja mwenye kitambi akagawa bure, jambo ambalo sikumwona akilifanya tena. Janata wakampa Raj Narain uwaziri wa afya, wizara ileile yenye dhamana ya uzazi wa mpango. Nilipomwandikia rafiki yangu kuhusu hilo alinijibu kwamba Babuji alicheka mpaka akakohoa.

Halafu 1980 watu walewale wakamrudisha Bibi kwa kishindo, wakimwacha mjane wa maharaja wa Gwalior. Babuji naye alimpigia: adhabu, alisema, haiwi ya milele. Lakini Bibi alikuwa amegombea pia Medak, kusini, akaichagua Medak, na Rae Bareli ikaenda kwa jamaa yake, Arun Nehru. Hilo Babuji hakulicheka. Baadaye, 1996 na 1998, jimbo likaenda kwa chama cha BJP, kisha likarudi Congress, na kuanzia 2004 likawa la mkwe wa Bibi, Sonia, kwa miaka 20. Mwaka 2024 mjukuu, Rahul, alishinda huko na Wayanad pia, ikambidi aache kimoja. Akaiacha Wayanad. Rafiki yangu, ambaye sasa naye ni babu, alinitumia ujumbe siku hiyo hiyo: "Safari hii tumechaguliwa sisi."