Sauti Sifuri

PSP yangu niliinunua mtumba Kariakoo, mwaka wa kwanza wa chuo. Ndani yake kuna Ace Combat, lakini ndege ninayoipenda kuliko zote ni MiG-21: bawa la pembetatu, pua iliyo wazi ili injini ivute hewa, koni katikati. Ziliundwa zaidi ya 10,000. Habari zake naweza kukusimulia mpaka usinzie.

Desemba nilikuwa Kimwani, barazani kwa bibi, nacheza. Nikashuka chini kabisa juu ya bonde, injini ikanguruma. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikamponyoka.

"Zima hiyo."

Oktoba 1978 alikuwa Bukoba mjini, mtoto mgongoni, MiG za Idi Amin zilipokuja kupiga mabomu. Vita vya Kagera nilikuwa nimevisoma, mpaka habari za MiG ambazo Waisraeli walizilipua Entebbe mwaka 1976. Bibi mwenyewe sikuwahi kumuuliza.

Alisema ndege hakuiona, aliisikia tu. Alimfungua mtoto, akajilaza juu yake mtaroni. Mtoto huyo ni mama yangu.

Kisha akataka kuona. Nikamsogezea. Akagusa lile bonde la kijani kwa kidole chenye utomvu wa ndizi.

"Watu wako wapi?"

"Hawakuwachora, bibi."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Usiku, ndani ya chandarua, nilicheza misheni mbili zaidi, sauti nimeiweka sifuri.