Miti ya Karura

Mjini Nairobi, kati ya barabara iendayo Limuru na ile iendayo Kiambu, uko msitu mkubwa uitwao Karura. Eneo lake ni zaidi ya hektari 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Majumba na magari yameuzunguka kila upande, lakini ukiingia ndani kitambo kidogo makelele ya mji hufifia, na sikio lako husikia maji na ndege.

Miti yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya asili. Uko muhugu, ukuao polepole, wenye mbao ngumu zipendwazo na wachongaji wa vinyago. Uko mzeituni wa mwitu. Uko na mugumo, ambao Wakikuyu wa kale waliuheshimu na kusali chini yake. Ya pili ni ya kigeni, na mkubwa wao ni mkaratusi, uliotoka Australia. Ulipandwa nchini mwetu mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuni zake ziendeshe magari ya moshi, kwa kuwa hukua upesi. Yako pia mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950.

Sasa nikusimulie habari inihusuyo mimi. Baba yangu alikuwa mwashi. Mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu zimegawiwa watu binafsi, na kwamba nyumba zitajengwa humo. Baba alifurahi, maana alikuwa amekaa miezi mingi bila kazi, na karo ya kaka yangu ilikuwa haijalipwa. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alifika msituni pamoja na wenzake ili wapande mti. Walinzi wakawapiga, naye akajeruhiwa kichwani. Alipokwenda kushtaki polisi, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Baba aliposikia habari hiyo alisema, "Mama huyu anatunyima chakula." Nami, mtoto wa miaka minane, niliamini hivyo.

Nyumba zile hazikujengwa. Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Msitu ulizungushiwa ua, wakazi wa jirani wakashirikiana na serikali kuutunza, na mikaratusi ikaanza kukatwa kidogo kidogo ili miti ya asili ipandwe mahali pake.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilimchukua baba tukaenda Karura. Alikuwa amezeeka, na kifua chake kilikuwa kimedhoofishwa na vumbi la mawe. Tulitembea taratibu mpaka karibu na maporomoko ya maji, akapumzika chini ya muhugu. Aliupapasa kwa kiganja chake kigumu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nyumba ningaliijenga kwa mwaka mmoja, na ujira wake tungaliula tukaumaliza. Lakini mti huu hakuna fundi awezaye kuujenga."

Usimcheke baba yangu, ewe msomaji. Njaa ni mshauri mkali, na mwenye watoto hulazimika kumsikiliza. Wala usidhani kuwa wakatao miti wote ni waovu. Wengine ni watu wema wenye shida ya leo. Lakini msitu ni akiba ya watu wengi, na wengi wao hawajazaliwa bado, hawawezi kujitetea. Siku moja utaambiwa kwamba ardhi fulani ya umma imekaa bure, haifai kitu mpaka ijengwe. Siku hiyo uliza kwanza ni nani atakayekula faida, na kwa muda gani. Kisha uende ukautazame muhugu.