Mbegu kumi za Mkalama zilivyonitoa jasho

Mpenzi msomaji, wiki iliyopita sikuwepo mjini. Nilikuwa Singida, na wala sikufuata kuku wa kienyeji au mafuta ya alizeti kama wengi mlivyodhani. Nilifuata shanga!

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa Dar mimi na rafiki yangu tunafinyanga shanga za udongo wa plastiki, ule laini wa rangi rangi ambao ukiuoka kwenye oveni kwa joto la nyuzi kama 130 unakuwa mgumu. Tunaiga majani, mawe na mbegu. Zinapendeza, ila wateja kila siku wanataka kipya. Nikajisemea, ngoja nikavione vya asili vyenyewe, niibe mitindo. Ndiyo, niibe. Nasema kweli tupu.

Singida mjini nililala kwa shangazi. Asubuhi nikapita kando ya Ziwa Singida, nikayatazama yale majabali yaliyobebana utadhani yataanguka sasa hivi. Kila jiwe nililiona shanga. Kisha nikapanda basi hadi Nduguti, makao makuu ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kutoka hapo ni bodaboda hadi Munguli, wanakoishi baadhi ya Wahadzabe. Vumbi la njiani, jamani! Nilifika nafanana na kichuguu.

Wahadzabe wote ni kama elfu moja na ushee tu, na wengi wao wako kuzunguka bonde la Ziwa Eyasi. Ni watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na lugha yao ni ile ya kugonga ulimi. Dereva wangu alinifundisha salamu moja tu: "Mtana."

Chini ya mbuyu nikamkuta mama mmoja anatunga shanga. Alikuwa na zile ndogo za dukani nyekundu na nyeupe, vipande vya miba ya nungunungu, na mbegu za mkwaju zinazong'aa kama zimepakwa mafuta.

"Mtana. Shikamoo mama," nikaanza.

"Marahaba." Kiswahili chake safi kabisa. "Huu elfu kumi."

"Mama, mimi nina elfu tatu."

Hakukasirika. Alinisogezea mbegu za mkwaju na msumari wenye mpini wa mti, ncha yake ikiwa kwenye makaa. "Toboa kumi, mwanangu, uchukue kwa hiyo tatu yako."

Nikaona rahisi. Mbegu ya kwanza iliteleza ikapotelea mchangani. Ya pili ikapasuka. Ya tatu nikaunguza kidole, watoto wakaangua kicheko. Mpaka jua la utosi nilikuwa nimetoboa nne, na mbili kati ya hizo tundu limekwenda upande. Mama alikuwa anapiga soga na mwenzake, na za kwake zilikuwa zimeshajaa kiganja, matundu yote katikati.

Msomaji, kazi hii si ya jana. Jirani tu hapo, kwenye pango la Kisese wilayani Kondoa, wataalamu walichimbua shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 2021 watafiti Jennifer Miller na Yiming Wang walieleza kwamba miaka kama 50,000 iliyopita watu wa mashariki na wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitengeneza shanga za aina hiyo zinazofanana. Halafu mimi niko Dar natangaza "mtindo mpya"!

Nikatoa elfu kumi yangu bila kuongeza neno. Kabla ya kuondoka nikaungama kilichonipeleka, nikamuuliza kama naweza kuuiga mkufu wake kwa udongo wangu.

"Iga," akasema. "Ila usiwaambie watu kwamba ni wa kwetu."

Basi zile za mbegu za mkwaju ziko tayari, zimetoka oveni juzi. Nimezibandikia karatasi: "Udongo wa plastiki, umefinyangwa Dar." Rafiki yangu amenuna, anasema tungeandika "Asili ya Wahadzabe" tungeuza mara mbili. Huenda ni kweli. Nimemwonyesha kidole changu chenye lengelenge, akanyamaza.

Tukutane wiki ijayo.