TOCHI YA KURAN

Mwezi huu niliahidi kuandika juu ya mahari. Itangoje kidogo. Kuko jambo lingine linanilemea.

Papa mmoja wa kanisa letu, mfanyabiashara, alituletea tochi kutoka Dubai. Ukiitazama ni tochi nyeusi tu, lakini mbele yake kuko meno mawili ya chuma. Ukifinya kidude cha pembeni, kuran inaruka katikati ya yale meno kwa sauti kali. «Haiue mutu, Pasta, inamutetemesha tu,» ndivyo alivyosema. Wakati ule walikuwa wametuiba nyaya za kanisa mara mbili, na mlinzi wetu ni muzee, alikuwa na fimbo tu. Nikakubali. Kusema kweli, nilifurahi.

Hazikupita majuma mawili, wakanigongea mlango usiku wa manane. Mlinzi alikuta kijana anapanda ukuta, akamgusa mgongoni na ile tochi akiwa angali juu. Kijana akaachia mikono, akaanguka kichwa chini juu ya matofali. Alipolala pale, mlinzi akamgusa tena, na tena. Yeye mwenyewe aliniambia, hakuficha: juu ya hasira, na juu ya woga. Nilipomulika uso wake nikamjua. Ni mtoto wa mama mmoja wa kwaya yetu.

Kule hospitali walimshona kichwa. Munganga akaniuliza: Alizimia? Alitapika? Iko na ugonjwa wa moyo? Alikunywa pombe ao dawa gani? Nikashangaa, mutu amepasuka kichwa na wewe unauliza habari ya moyo! Akanieleza kwa uvumilivu, na nyuma yake mimi pia nikatafuta kusoma.

Watu wanaogopa namba ya volti. Kuran ya nyumba ni volti 220 na inaua; bastola za kuran za polisi wa Ulaya na Marekani zinaandikwa volti 50,000, na wengi wanaopigwa wanasimama tena. Sababu gani? Volti ni sawa urefu wa mahali maji yanapoangukia. Tone moja likitoka juu sana halikuchukui, lakini mto unakuchukua hata kama unateremka polepole. Bastola ile inatupa vimisumari viwili vyenye nyaya nyembamba, inapiga kwa vipande vifupi sana, sekunde 5 kila ukifinya. Mishipa inayoamuru nyama za mwili inashikwa, mwili unakauka sawa mti, mutu anaanguka bila kutanguliza mikono. Tochi sawa ile yetu inaleta zaidi maumivu pale inapogusa. Lakini mutu aliye juu ya ukuta, maumivu peke yake yanatosha kumwangusha.

Basi hatari ya kwanza ni kuanguka. Nyingine ni jicho, ni petroli iliyo karibu (cheche inaiwasha, na sisi wa hapa tunaweka mabidoni ndani ya nyumba!), ni mama mwenye mimba, ni moyo. Mwaka 2009 kampuni inayotengeneza zile bastola, wao wenyewe, waliwaambia polisi waepuke kulenga kifua. Na kupiga mara nyingi ni kubaya kuliko mara moja.

Juu ya hiyo kuko habari ya Robert Dziekański. Alitoka Poland kufuata mama yake Kanada, mwaka 2007, mwezi wa 10. Hakujua Kiingereza. Alikaa ndani ya uwanja wa ndege wa Vancouver karibu saa kumi, na mama yake alikuwa akimngoja upande mwingine mpaka akarudi nyumbani. Alipoanza kuchafuka na kutupa vitu, polisi wakafika, na haikupita dakika moja wakampiga kuran. Mara 5. Akafa pale pale chini. Alikuwa na miaka 40. Mimi nina 46.

Kwa hiyo mutu akipigwa na kitu hicho, msimcheke. Kama amezimia, muangalie anapumua. Anapumua, mlaze ubavu. Hapumui, mfinye kifua kwa nguvu na haraka bila kuacha mpaka msaada ufike. Kimisumari kikiingia jichoni, usikivute, mpeleke hospitali. Aliyegonga kichwa apelekwe hata kama anasema yuko muzima.

Kijana wetu alipona. Nilikwenda kwa mama yake, nikamwambia: «Mama, ni mimi nilimupa muzee ile tochi.» Aliniangalia sana. «Pasta, angeiba nyaya, mungemupeleka polisi. Kama angekufa, mungenipeleka wapi mimi?» Sikuwa na jibu.

Tochi iko ndani ya kabati yangu, nimetoa pile. Muzee ameiomba tena mara mbili. Nimemnunulia filimbi na mbwa. Mama yule hajarudi bado kwenye kwaya.