Fuvu la Kalenga na Vibao vya Injini

Kalenga iko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini Iringa, na reli haifiki huko. Lakini ndiko, ndugu wasomaji, tulikokumbuka vibao vya injini za gari la moshi, na sababu yake ni fuvu la Mtwa Mkwawa lililomo katika nyumba ya makumbusho.

Mkwawa alijiua mwezi Julai, 1898, asije akatiwa mikononi mwa Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliamuru kirudishwe katika miezi sita. Hakikurudi mpaka mwaka 1954. Gavana Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu kiasi cha 2,000. La Mkwawa ni lipi? Likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa zake, na kwa tundu la risasi. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, akalipokea hapo Kalenga. Wako wanaolitilia shaka hata leo, nasi hatuwalaumu, kwani vipimo vya jamaa ni ushahidi mwembamba.

Swali hilo hilo huwakabili wanaokusanya vibao vya injini. Mwaka 1955 na 1956, Reli za Afrika ya Mashariki zilipata injini 34 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kila moja ikizidi tani 250. Zilipewa majina ya milima yetu, Rungwe na Mbeya ikiwamo, ijapokuwa zilivuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi! Zimesalia mbili tu, Gelai na Shengena.

Vibao vya reli hizo huuzwa minadani Uingereza, na wadanganyifu hawakosekani. Mtu akikandamiza kibao halisi katika mchanga apate kalibu, kisha akamimina shaba, shaba hiyo husinyaa ikipoa. Nakala hutoka fupi kidogo kuliko asili. Ndiyo maana mjuzi huja na kipimo. Kibao cha kiwanda kina namba na mwaka, navyo hulinganishwa na daftari za kiwanda. Kibao cha jina ni kigumu zaidi: hapo huulizwa nani alikifungua kwenye injini, na kilipita mikono ya nani.

Sisi tungependa kuona kibao chenye jina la Rungwe kikitundikwa huku Nyanda za Juu, hata kikiwa nakala, mradi iandikwe chini yake kuwa ni nakala.