Usiidharau Githeri ya Nyumbani

Ukipanda matatu Embu mjini kuelekea Meru, msomaji, utapita Runyenjes, Chuka na Nkubu, Mlima Kenya ukiwa kushoto kwako. Kando ya barabara utaona migomba, kahawa na majani chai. Lakini ukikaribishwa chakula cha jioni katika boma lolote, yaelekea utapakuliwa mahindi na maharagwe: githeri, au muthere kama Wameru wanavyoiita.

Usinune. Najua wengi waliosoma shule za bweni huikumbuka kama adhabu: punje ngumu zinazoelea majini, na mdudu mmoja au wawili juu yake. Ile ya nyumbani ni habari nyingine kabisa.

Kwanza mahindi makavu hulowekwa usiku kucha. Hayo ndiyo hutangulia motoni kwa sababu hukawia kuiva, maharagwe hufuata. Chungu huachwa kitokote polepole juu ya mafiga, kikiongezwa maji kidogo kidogo, mpaka punje zipasuke. Ndipo hukaangwa kwa kitunguu na nyanya, pengine na viazi. Ukiteremka pande za Mbeere na Tharaka, ambako mvua ni haba, kunde, pojo au mbaazi hushika nafasi ya maharagwe.

Wataalamu wa lishe husema vyakula hivi viwili husaidiana: protini inayopungua katika mahindi hupatikana katika maharagwe. Kwa familia isiyomudu nyama kila wiki, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kuwa mwangalifu na ghala lako. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu, yaani aflatoksini, yaliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Basi ukimwona mama ameketi uani akichambua mahindi punje kwa punje, usidhani anapoteza wakati. Analinda watoto wake.

Na watoto wako wakilia wanataka chapati? Usiwagombeze. Wapakulie kidogo, na kipande cha avokado kando. Kesho yake asubuhi, ikaange upya ile iliyolala, uwape na chai ya maziwa. Baada ya siku chache wataomba nyongeza wenyewe. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.