Kiboko na Samaki Wana Udugu Gani?

Sisi tufundishao elimu ya viumbe huku Butembo na Beni twajua kwamba kitabu peke yake hakitoshi. Kitabu husema: mmea huliwa na mdudu, mdudu huliwa na ndege, ndege huliwa na nyoka. Wanafunzi huyakariri maneno hayo, huyaandika vizuri siku ya mtihani, kisha huyasahau. Wadhani kwamba chakula cha viumbe ni mstari mmoja ulionyooka. Kumbe ni wavu.

Basi tumezoea kuwafundisha kwa mfano wa Ziwa Edward, kwa sababu samaki wa Kyavinyonge na Vitshumbi huuzwa katika masoko yetu, na watoto wanawajua. Kwanza twauliza: "Ni nani amlishaye tilapia?" Hujibu: mimea midogo ya majini, isiyoonekana kwa macho. "Na mimea hiyo, ni nani ailishaye?" Hapo hunyamaza. Nasi twawaambia: kiboko.

Darasa zima hucheka. Mwaka mmoja kijana alisimama akasema: "Mwalimu, kiboko hali samaki, wala samaki hamli kiboko. Wana udugu gani?" Swali jema! Kiboko hutoka majini usiku, hula majani kilo 40 hivi, na kunapopambazuka hurudi ziwani na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo ni samadi, kama ile ya mbuzi tutiayo mashambani. Mimea ya majini hustawi, wadudu huongezeka, tilapia hushiba. Tilapia naye huliwa na kambale, na mnandi, na tai, na mwanadamu.

Kisha twaandika ubaoni hesabu mbili. Katika miaka ya 1970 viboko wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, walizidi 25,000. Mwaka 2005 hawakufikia 1,000, kwa maana wakati wa vita watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Samaki nao wamepungua. Lakini hatuwaambii watoto kwamba sababu ni hiyo tu. Mitumbwi imekuwa mingi, na nyavu za macho madogo huvua samaki wachanga kabla hawajazaa.

Siku tulipoyasema hayo, msichana mmoja, binti wa mvuvi, aliuliza: "Baba akiuacha wavu wa macho madogo, ada yangu ya shule ataitoa wapi?" Hatukumkemea. Tulimwambia kwamba mwanadamu naye ni fundo moja katika wavu wa viumbe. Hakusimama nje akiutazama. Ada yake hutoka kwa samaki wa leo, bali ya mdogo wake itatoka kwa samaki ambao sasa ni wadogo kama kidole. Akafikiri, akasema: "Basi wavuvi wote waache pamoja. Baba akiacha peke yake, jirani atawavua." Maneno hayo hayakuwamo katika somo letu. Tangu siku ile tumeyaingiza.

Nanyi wazazi, mtoto akiuliza wakati wa chakula, "Samaki huyu alikula nini?" msimwambie anyamaze ale. Mjibuni mnayoyajua, nanyi mvuvi wa jirani mwulizeni yaliyobaki.